Jina la utani hujipi mwenyewe: yanavyozaliwa, yanavyoganda, na nani mwenye ruhusa ya kukuita

Kalamu ya Mkaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naweka msimamo wangu juu kabisa ili anayetaka kubisha aanze kujipanga mapema: jina la utani si mali ya anayeitwa, ni mali ya wanaomwita. Wao ndio hulitunga, hulisambaza na huamua nani anaruhusiwa kulitamka. Wakilichoka, wanalizika. Mwenyewe hana kura. Akijipa jina, watu watalipuuza, au watampa lingine baya zaidi ili kumkomesha.

Nendeni kwenye vikosi vya marubani wa kivita wa Marekani. Kila rubani ana jina lake la redioni, na wengi tunadhani hayo majina wanajichagulia. Hapana. Hupewa na wenzao kikosini, mara nyingi kutokana na kituko alichofanya akiwa mgeni, au kwa kuchezea jina lake la ukoo. Anayekuja na jina la kishujaa mfukoni huondoka na la aibu.

Sasa tuone yanavyozaliwa. Kiwanda cha kwanza ni ulimi wa mtoto mdogo. Ricardo Izecson dos Santos Leite, yule kiungo wa Brazil aliyebeba Ballon d'Or mwaka 2007, ni Kaká kwa sababu mdogo wake alikuwa hawezi kutamka Ricardo. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alishindwa kutamka jina lake mwenyewe akiwa mdogo, ikatoka Lilibet, na kwa watu wake wa ndani akabaki Lilibet hadi uzeeni. Ulimi wa mtoto hutupa silabi ngumu na kurudiarudia iliyo nyepesi. Kwa Wafilipino mtindo huo wa kurudia umekomaa kiasi kwamba rais aliyeingia madarakani mwaka 2022, Ferdinand Marcos Mdogo, anaitwa Bongbong, hadharani, kwenye kampeni na kwenye magazeti, na hakuna anayeshangaa.

Kiwanda cha pili ni kukata na kupachika. Hapa Warusi ndio mabingwa. Chukua mwanamke anaitwa Maria, baba yake Ivan. Kazini ni Maria Ivanovna. Kwa marafiki ni Masha. Mama yake akimbembeleza ni Mashenka. Akiitwa Mashka, ama ni mtu aliyekua naye anamtania, ama kuna maneno makali yanafuata. Jina moja, milango minne, na kila mlango una watu wake. Mfanyakazi mpya anayeruka kutoka Maria Ivanovna hadi Mashenka siku ya kwanza amejitafutia balaa.

Waingereza wao hukata, halafu wakavuruga herufi ya mbele: Robert akawa Rob, Rob akawa Bob. William akawa Will, kisha Bill. Mtindo huo ulianza enzi za kati, lakini hadi leo unawasumbua wageni wanaojaza fomu na kujiuliza huyu Bill katokea wapi.

Kiwanda cha tatu ni mwili na matukio, na ndipo ugomvi unapoanzia. Hata wafalme wa Ulaya hawakupona: Pepin Mfupi, Charles Kipara, Louis Mnene. William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066 alijulikana kwanza kama William Mwanaharamu. Ikaja vita moja, akawa William Mshindi. Waaustralia wameongeza kiungo chao, wanaita kinyumenyume: mwenye nywele nyekundu anaitwa Bluey, yaani wa bluu.

Naishia hapa kwanza, nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Zee la Ubishi

Mkuu umeanza vizuri ukaharibu kwenye msimamo. "Hujipi mwenyewe"? Kobe Bryant, yule mcheza kikapu wa Marekani, alijiita Black Mamba yeye mwenyewe, mchana kweupe, na dunia nzima ikamwita hivyo mpaka anaingia kaburini. Msimamo wako umekufa kabla uzi haujafika ukurasa wa pili.

Kalamu ya Mkaa

Zee, nilijua utaanza na huyo. Na ndiyo, Kobe alijiita nyoka, jambo ambalo kwa Kiswahili linachekesha peke yake. Lakini angalia kilichofuata. Usiku wa Januari 22, 2006 aliwafunga Toronto pointi 81 peke yake. Mtu anayefunga pointi 81 akikwambia anaitwa nani, unamwita. Alipeleka ombi, mashabiki wakalipitisha. Sasa chukua mchezaji wa benchi ajiite Simba wa Uwanja, uone kama wenzake hawatamwita Paka mpaka astaafu.

Na hata kwa wakubwa, yanayodumu zaidi ni yale waliyopewa. Mpuliza saksafoni Lester Young ndiye aliyempa mwimbaji wa jazz Billie Holiday jina la Lady Day, na Billie naye akamrudishia Prez, kifupi cha rais, kwa maana kwamba ndiye mkubwa wa wapuliza saksafoni wote. Hakuna aliyejivika taji hapo, walivishana.

Ustadh wa Zamu

Assalaam alaykum wanajamvi. Mada nzuri, naomba niongeze upande ambao wengi wanaupita. Kwa Waarabu wa zamani mtu alikuwa na jina lake, akawa na kunia, ile ya Abu fulani au Ummu fulani, na juu yake lakabu. Kunia kwa kawaida hutokana na mtoto, lakini si lazima. Abu Huraira, sahaba wa Mtume, hakupata kunia yake kwa mtoto, ni kwa sababu ya kapaka kadogo. Hadithi elfu kadhaa zimepokelewa kwa mtu ambaye jina lake halisi wanazuoni wamehitilafiana, na lililo mashuhuri ni Abdurrahman bin Sakhr. Muulize muumini wa kawaida Abdurrahman bin Sakhr ni nani, atakukodolea macho.

Na Sayyidna Ali. Mtume (SAW) alimkuta amelala msikitini, shuka imemdondoka, vumbi limemshika, akawa anamfuta huku akimwambia, "Inuka ewe Abu Turab", baba wa udongo. Imepokelewa kwamba hapakuwa na jina alilolipenda zaidi ya hilo. Baadaye mahasimu wake walilitumia jina lilelile kwa kumdharau. Yeye aliyempa alimpa kwa mapenzi. Wao walilitoa katika mapenzi hayo, wakalifanya jiwe la kumrushia.

Ndiyo maana Qur'ani haikunyamaza. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza waumini kudharauliana na kuitana majina ya kejeli.

Fundi Mitambo

Ustadh, sasa hapo nikuulize. Kama kuna katazo, mbona kwenye minyororo ya wapokezi wa hadithi tunasoma "Al-A'raj"? Si ni kumwita mtu kiwete huko?

Ustadh wa Zamu

Swali la mwanafunzi mzuri hilo. Ni kweli, ukisoma "kutoka kwa Al-A'raj, kutoka kwa Abu Huraira", unasoma lakabu na kunia zimefuatana, moja ya mguu na nyingine ya paka. Yupo pia Al-A'mash, mwenye macho dhaifu. Imam Nawawi katika kitabu chake Riyadhus Swalihin amelieleza: inaruhusiwa mtu akitajwa kwa ajili ya kutambulika, pale ambapo ndivyo anavyojulikana, na hairuhusiwi akitajwa kwa kumpunguzia hadhi. Na kama anaweza kutambulika kwa njia nyingine, basi hiyo nyingine ni bora. Kwa hiyo neno ni lilelile, hukumu inabadilika kwa nia ya anayelisema.

Kalamu ya Mkaa

Ustadh umenirahisishia kazi, maana nilitaka kuja kwenye hilo la kutambulika. Tunayachukulia haya majina kama mchezo, lakini mahali pengi yalizaliwa kwa shida halisi: watu wengi, majina machache.

Wales ni mfano unaojulikana. Majina ya ukoo ni yaleyale, Jones, Davies, Williams, Evans. Kijiji kina akina Jones kumi na tano, barua inamfikia yupi? Ndipo wakaanza Jones Maziwa kwa muuza maziwa, Evans Mkate kwa mwoka mikate. Hakuna matusi wala sifa hapo, ni anwani tu.

Lakini walionifurahisha zaidi ni watu wa Chioggia, mji wa wavuvi kusini mwa wangwa wa Venice huko Italia. Pale nusu ya mji utadhani ni ndugu: kila unayemgusa ni Boscolo, asipokuwa Boscolo ni Tiozzo. Familia zikatofautishwa kwa majina ya utani, nayo yakazoeleka hadi serikali ikasalimu amri ikayaingiza kwenye nyaraka rasmi kuwa sehemu ya jina la mtu. Hebu fikirini karani wa serikali, miwani puani, anaandika kwa umakini kabisa kwenye cheti jina lililoanzia kwa wavuvi waliokuwa wakimcheka babu yako bandarini.

Na Florence miaka ya 1420 kulikuwa na wachoraji wawili, wote Tommaso, wanafanya kazi ukuta mmoja katika kanisa dogo la Brancacci. Utawaitaje? Mmoja akawa Masolino, Tommaso mdogo, kwa upole. Mwingine akawa Masaccio, na hiyo "-accio" kwa Kiitaliano ni ya kukandia: Tommaso lile jitu, lile lisilojijali. Leo Masaccio anahesabiwa miongoni mwa waliobadilisha uchoraji wa Ulaya, na kila kitabu cha sanaa duniani kinamwita hivyo bila kupepesa macho. Jina la mzaha la kibarua cha rangi, limekaa miaka 600.

Bi Mdogo

Nimesoma nimecheka, lakini niwarudishe chini kidogo. Mnaongelea wafalme na wachoraji. Mimi shuleni nilibandikwa jina kwa sababu ya meno yangu. Silitaji hapa kwa sababu nikilitaja mtaanza kuniita. Lilinifuata hadi nimeolewa. Na kitu cha ajabu ni hiki: dada yangu akiniita hivyo tukiwa jikoni nacheka. Yule tuliyesoma naye akiniita barabarani, mbele ya watoto wangu, nasikia vibaya siku nzima. Jina ni hilohilo moja. Sasa Kalamu ya Mkaa anasema jina ni mali ya wanaoita. Kwa hiyo mimi wa kuumia sina changu?

Zee la Ubishi

Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri, mkuu. Jibu hilo.

Kalamu ya Mkaa

Bi Mdogo, sikusema ni haki. Nilisema ndivyo ilivyo. Lakini swali lako ni zito kuliko uzi wangu mzima, acha nilijibu kwa watu watatu.

Wa kwanza ni Caligula. Jina lake ni Gaius. Akiwa mtoto kambini kwa baba yake, alivishwa buti ndogo za kijeshi, askari wakampachika hilo jina, Kibuti. Alipokuja kuwa mfalme wa Roma mwaka 37 alikuwa halipendi hata kidogo. Seneca, aliyeishi zama zake, ameandika kwamba aliona ni tusi kuitwa hivyo. Mfalme mwenye uwezo wa kumuua amtakaye, na bado hakuweza kuliua jina. Leo ni wangapi wanajua aliitwa Gaius?

Wa pili ni Pelé. Nyumbani alikuwa Dico. Baba yake aliwahi kucheza timu moja na kipa aliyeitwa Bilé, na kwa masimulizi ya Pelé mwenyewe, yeye alipokuwa anamtaja yule kipa jina lilimtoka vibaya. Wenzake wakalidaka kama chambo. Alilichukia hilo jina, akampiga ngumi mwenzake mmoja shuleni, akaadhibiwa. Na hapo ndipo lilipoganda! Kila aliyejua linamuuma alikuwa na sababu ya kulisema tena. Hii ni kanuni ya uani popote duniani: jina hukomaa kwa hasira za mwenyewe.

Wa tatu ndiye ninayetaka umtazame kwa makini. Januari 1976 Margaret Thatcher, wakati huo kiongozi wa upinzani Uingereza, alitoa hotuba kali dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Siku chache baadaye gazeti la jeshi lao, Nyota Nyekundu, likamwita Mwanamke wa Chuma. Walikusudia kumkandia. Tarehe 31 ya mwezi uleule akasimama mbele ya wanachama wake jimboni Finchley, amevaa gauni la jioni, akawaambia, kwa maana yake: ninyi mnaniona hapa na gauni langu la Nyota Nyekundu, uso umepambwa kwa upole, nywele zimetengenezwa, huyu ndiye Mwanamke wa Chuma wa nchi za Magharibi. Ukumbi ukacheka. Kuanzia hapo Wasovieti hawakuwa na silaha tena, maana kila walipolirusha lilimpigia kampeni.

Si kila mtu ana ukumbi wa kusimama, najua. Na lile la meno si sawa na lile la chuma, huwezi kulivaa kama medali. Ila ulichokisema cha dada yako ndicho kiini. Dada yako ana ruhusa. Yule wa barabarani anajichukulia. Kumkatalia si kukosa utani. Mwambie waziwazi, mara moja, bila kupandisha sauti, na mwite yeye kwa jina lake kamili. Kwa Warusi hiyo ndiyo adhabu: siku Masha anapogeuka kuwa Maria Ivanovna kwa mtu aliyemzoea, huyo mtu anajua amefukuzwa ndani.

Bi Mdogo

Hilo la kumwita kwa jina lake kamili nimelipenda. Nitalifanya.

Mtu wa Ziwani

Naona mnaongea kana kwamba jina la pembeni lazima lichome. Magharibi mwa Uganda, Wanyoro na Watooro wana empaako. Mtu anapewa jina lake la kawaida, na kwa sherehe anapewa pia empaako, moja kati ya 12: Amooti, Abwoli, Akiiki, Ateenyi, Adyeeri, Araali, Atwooki na mengine. Okali huwekwa kwa ajili ya mfalme. Mengi hayabagui mwanamume na mwanamke. Ukikutana na mtu huwezi kumsalimia ipasavyo bila kujua empaako yake, unamuuliza kwanza. Unamtaja kwayo kumheshimu, kumpoza akikasirika, kumpa shukrani. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huu kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kwa hiyo mtu ana jina la pili ambalo kazi yake ni upendo tu. Hilo mtaliweka kwenye kiwanda gani?

Kalamu ya Mkaa

Mtu wa Ziwani, hilo ni la kipekee na nashukuru umelileta. Silipeleki kiwanda chochote kati ya vile vitatu. Kwingine jina la mapenzi linasubiri bahati, uzoeane na mtu, mcheke pamoja, ndipo litoke. Huko jamii imeamua kila mtu awe nalo tangu utotoni, hata yule ambaye hana rafiki. Ila angalia bado: hujichagulii. Unapewa.

Fundi Mitambo

Na yale ya kuwaita watoto majina mabaya makusudi? Nimewahi kusikia Wachina wanawaita watoto majina ya mbwa.

Ngoma Nzito

Hilo naweza kulijibu. Vijijini China mtoto alipewa jina la nyumbani la ovyo, mojawapo lililo maarufu ni Goudan, kitu kama korodani za mbwa, samahani wakuu. Nia ni pepo mbaya asimtamani. Nani atahangaika kuiba kitu kinachoitwa hivyo? Akianza shule anapata jina la kueleweka, lile la nyumbani linabaki kwa bibi na majirani.

Thailand nako zamani kulikuwa na imani ya namna hiyo, ndiyo maana yapo majina kama Nguruwe na Chura. Siku hizi imani imepungua lakini majina yamebaki na yamepanuka, kuna watu wazima wanaitwa Benz, Golf, Bank. Karibu kila Mthai analo, hupewa na wazazi tangu utotoni, na ndilo analoitwa siku zote kwa sababu majina yao rasmi ni marefu. Yingluck Shinawatra, waziri mkuu wao kuanzia 2011 hadi 2014, anaitwa Pu, yaani Kaa, yule wa majini. Mtu unaweza kufanya naye kazi miaka na usijue jina la kwenye kitambulisho chake.

Zee la Ubishi

Haya, nimekubali nusu. Swali la mwisho kabla sijalala: hivi kuna mtu ameshawahi kulishinda jina la utani kwa kulihalalisha? Yaani akalipeleka serikalini likawa lake kisheria, wasiweze tena kumnyang'anya?

Kalamu ya Mkaa

Yupo, na ni rais. Luiz Inácio da Silva wa Brazil, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma aliyekuja kuongoza chama cha wafanyakazi. Wenzake wote walimwita Lula, jina la kawaida tu la kukatia Luiz. Alipoingia kwenye siasa za kugombea, mwaka 1982, aliliingiza rasmi kwenye jina lake ili aweze kulitumia kwenye uchaguzi. Wapiga kura walimjua Lula, hawakumjua Luiz Inácio. Leo wanawe wanalo ukooni.

Zee la Ubishi

Basi huyo alijipa mwenyewe, tena kwa mhuri wa serikali. Nimeshinda.

Kalamu ya Mkaa

Alikwenda kusajili walichokwisha kumpa wenzake kiwandani. Lala salama Zee.

Bi Mdogo

Zee kajiita Zee la Ubishi mwenyewe, na hapa kila mtu anamwita hivyo. Hilo nalo mtujibu kesho.